Mahali Zinapolala Treni za Chini ya Ardhi nchini Japani

Katika miaka ya 1970, wachekeshaji wawili wa Japani, Kasuga Sankyu na mkewe Teruyo, walijipatia umaarufu mkubwa kwa swali moja: treni za chini ya ardhi ziliingizwa huko chini kupitia wapi? Ukilifikiria swali hilo, walisema, hupati usingizi usiku kucha. Watu walicheka, lakini swali lenyewe ni la haki kabisa, na anayelifuatilia kwa makini atajikuta anaielewa upya ramani nzima ya reli za Tokyo, Osaka, Nagoya na miji mingine ya nchi hiyo. Treni hizo, kwa sehemu kubwa, ziliingia kwa kushuka mteremko kutoka juu ya ardhi, na usiku, abiria wa mwisho wakishateremka, nyingi hupanda mteremko huohuo kurudi juu, kwenye uwanja mpana wa reli nyingi zilizolala sambamba. Uwanja huo katika makala hii nitauita depo.

Kazi ya kwanza ya depo ni kuegesha, na hata kazi hiyo peke yake inadai nafasi ambayo mtu asiyeizoea haikadirii. Treni ya mabehewa 10, kila behewa likiwa na urefu wa meta 20 hivi, ina urefu wa meta 200. Njia yenye treni 20 za aina hiyo inahitaji kilometa 4 za reli ili zote zisimame kwa wakati mmoja, na hapo bado hatujahesabu reli za kupishania, za kuoshea na za kutokea. Baadhi ya treni huachwa zilale vituoni au kwenye reli za pembeni ndani ya handaki ili ziwe karibu na abiria wa alfajiri, lakini haiwezekani kuzilaza zote humo, kwa kuwa usiku ndio wakati pekee ambapo mafundi wa njia wanaweza kuingia handakini kukagua reli na kuta.

Kazi ya pili ni ukaguzi, na hii ndiyo inayoifanya depo isiepukike. Utaratibu wa Japani una ngazi kadhaa. Kila baada ya siku chache treni hukaguliwa breki, milango, taa na vifaa vya kupokelea umeme bila kufunguliwa kitu. Kila baada ya miezi isiyozidi mitatu hupimwa kwa kina zaidi. Ikifika miaka 4 au kilometa 600,000, kutegemea kipi kimetangulia, sehemu muhimu kama mota, breki na magurudumu hufunguliwa na kuchunguzwa kimojakimoja. Na ikifika miaka 8, behewa zima huvuliwa karibu kila kitu. Ukaguzi mdogo hufanyika katika depo ya kawaida. Ule mkubwa unahitaji karakana kamili yenye winchi za kunyanyua behewa lenye tani nyingi na kuliweka kando, huku bogi zake, yaani zile fremu zinazobeba magurudumu, zikipelekwa upande mwingine kusafishwa.

Sasa, mtu akiulizwa karakana ya namna hiyo ajenge wapi, atachagua juu ya ardhi. Winchi inahitaji dari refu, na kila meta ya dari chini ya ardhi ni udongo wa kuchimbwa, kubebwa na kutupwa mahali. Rangi, mafuta na vumbi la chuma vinadai hewa nyingi. Juu, dirisha linatosha kusaidia, lakini chini ni lazima feni kubwa zingurume mchana na usiku. Behewa jipya linapoletwa kutoka kiwandani, liwe limekuja kwa reli nyingine au kwa tela barabarani usiku wa manane, linahitaji mahali pa kushushwa. Ni kweli kwamba behewa linaweza kuteremshwa kupitia shimo: ndivyo ilivyokuwa Osaka mwaka 1933, njia ya Midosuji ilipofunguliwa kati ya Umeda na Shinsaibashi, ambapo mabehewa ya kwanza yalikokotwa barabarani na kushushwa handakini kupitia uwazi ulioachwa kwa ajili hiyo. Lakini hiyo ni njia ya kuanzia. Mji hauwezi kuendesha mamia ya mabehewa kwa miaka mingi kwa kuyapandisha na kuyashusha kwa kamba.

Mahali pazuri zaidi pa kulitazama jambo hili kwa karibu ni Ueno, mjini Tokyo. Njia ya Ginza, ya kwanza ya chini ya ardhi barani Asia, ilifunguliwa tarehe 30 Desemba 1927 kati ya Asakusa na Ueno, umbali wa kilometa 2.2 tu. Depo yake iliwekwa juu ya ardhi katika mtaa wa Higashi-Ueno, mwendo mfupi kutoka kituoni, na baadaye ikaongezewa ghorofa ya chini ya ardhi kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Ili treni itoke handakini ifike deponi, ni lazima ikate barabara ya mtaa, barabara ya kawaida inayopitiwa na baiskeli, magari madogo na wenyeji wanaokwenda zao dukani. Kwa hiyo njia ya chini ya ardhi ina kivuko cha reli na barabara, kitu ambacho kwa jina lake isingepaswa kuwa nacho.

Kivuko hicho si cha kawaida. Njia ya Ginza haipati umeme kwa waya wa juu. Umeme wa volti 600 hupita katika reli ya tatu iliyolazwa ubavuni mwa zile mbili za kukanyagwa na magurudumu, na treni huuchukua kwa viatu vya chuma vinavyoteleza juu ya reli hiyo. Uamuzi huo ulipunguza kimo cha handaki na gharama ya kulichimba, lakini juu ya ardhi reli ya tatu ni hatari ya wazi, maana mtu akiikanyaga anaweza kufa. Ndiyo maana Ueno kuna milango ya aina mbili. Vizuizi vya barabarani huyasimamisha magari, kama ilivyo kwenye vivuko vyote, lakini pia kuna mageti yanayofunga reli yenyewe. Muda mwingi wa siku mageti hayo yamefungwa na mpita njia anaona ukuta wa chuma mahali reli inapoingilia. Treni inapokaribia, vizuizi vya barabarani hushuka, mageti ya reli hufunguka, na treni fupi ya rangi ya limau, mabehewa 6 ya meta 16 kila moja, hupita polepole mbele ya nyumba za watu. Palepale barabarani reli ya tatu imekatizwa. Treni haikwami, kwa sababu viatu vyake vimegawanywa katika mabehewa mbalimbali, hivyo wakati vile vya mbele viko mahali pasipo na umeme vya nyuma bado vinaupata.

Mwisho wa pili wa njia hiyohiyo una ajabu yake. Shibuya ni bonde, kama watu wanavyoweza kuona kwa kutazama barabara zake zote zinavyoteremka kuelekea kituoni. Handaki linalokuja kwa usawa kutoka upande wa Aoyama linajikuta limetokeza hewani, na treni ya chini ya ardhi inaingia kituoni kwenye ghorofa ya tatu. Baada ya kituo, reli zinaendelea hadi maegesho yaliyo kando ya kilima cha upande wa pili, ambayo sasa yamemezwa na majengo ya biashara.

Ueno, hata hivyo, haina nafasi ya karakana kubwa. Ukaguzi mzito wa treni za Ginza hufanyika Nakano, magharibi mwa mji, ambako kuna karakana ya njia nyingine, ile ya Marunouchi iliyoanza kazi mwaka 1954. Jambo hilo linawezekana kwa sababu njia hizo mbili zina upana sawa wa reli, milimita 1,435, na zote hutumia reli ya tatu. Pia zimeunganishwa kwa kipande cha reli katika kituo cha Akasaka-Mitsuke. Treni ya Ginza huvuka hapo na kwenda hadi Nakano kama mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa. Abiria wa kila siku hupita kituo hicho mara elfu bila kujua kwamba kuna kiungo hicho.

Viungo vya namna hii vimejaa chini ya Tokyo na, kwa maoni yangu, ndivyo vinavyofichua mantiki ya mtandao mzima kuliko ramani yoyote ya rangi inayobandikwa ukutani. Njia ya Namboku ni mfano mzuri. Depo yake ya Oji imejengwa chini ya ardhi, chini ya bustani ya umma, kwa kuwa katika eneo hilo uwanja mkubwa wa juu haukuwepo. Depo hiyo inalaza treni na kuzikagua, lakini ukaguzi mkubwa haufanyiki humo. Treni ya Namboku inayotimiza muda wake huingia njia ya Yurakucho kupitia kiungo cha Ichigaya, husafiri hadi Sakuradamon, huvuka kwa kiungo kingine hadi Kasumigaseki kwenye njia ya Chiyoda, kisha huelekea kaskazini-mashariki hadi karakana ya Ayase, iliyo juu ya ardhi. Imepita njia tatu ili ifike mahali penye winchi na mwanga wa jua.

Hiyo Ayase nayo ina kisa chake, na ni kisa cha watu zaidi kuliko cha mitambo. Njia ya Chiyoda ilipojengwa, depo iliwekwa katika wilaya ya Adachi, kilometa 2 hivi kutoka kituo cha Ayase, na tawi la reli likatandazwa kufika huko. Treni zikawa zinapita juu ya mitaa hiyo bila kuchukua mtu. Tarehe 20 Desemba 1979 kituo kidogo kiitwacho Kita-Ayase kilifunguliwa kwenye tawi hilo, na treni fupi ya mabehewa 3 ikaanza kwenda na kurudi. Kule Ayase abiria waliteremkia kwenye jukwaa lililopewa namba 0, kwani namba nyingine zilikuwa zimekwisha kutumika, kisha wakabadili treni. Hali hiyo ilidumu takriban miaka 40. Machi 2019, baada ya jukwaa la Kita-Ayase kurefushwa kupokea mabehewa 10, treni kamili zikaanza kutoka hapo moja kwa moja hadi katikati ya mji. Mtaa ambao reli iliufikia kwa sababu tu treni zilihitaji mahali pa kulala sasa ni mwanzo wa safari, na kwa kuwa treni zinaanzia hapo, wakazi wake hupata viti asubuhi.

Lakini si kila njia ilibahatika kupata uwanja mwishoni mwake. Njia ya Hanzomon ina urefu wa kilometa 16.8, kutoka Shibuya hadi Oshiage, na haitokezi juu ya ardhi hata mara moja. Inapita chini ya sehemu za ghali kuliko zote nchini, na hakuna mahali popote kando yake ambapo ungeweza kununua ekari za kutosha kwa ajili ya reli za kuegesha. Ilipofunguliwa mwaka 1978 ilikuwa fupi kiasi kwamba ilitumia treni za kampuni jirani ya Tokyu, ambayo njia yake ya Den-en-toshi imeungana nayo pale Shibuya. Treni zake yenyewe zilianza kuonekana mwaka 1981. Depo ya njia hiyo iko Saginuma, katika mji wa Kawasaki, mkoa wa Kanagawa. Treni ya Hanzomon ikitaka kwenda kulala hutoka Tokyo kabisa, huvuka mto Tama juu ya reli za Tokyu, na kuingia katika uwanja ambao zamani ulikuwa mali ya kampuni hiyo. Njia ya Hibiya vilevile ina depo ya Takenotsuka, ambayo awali ilikuwa ya kampuni ya Tobu na iko kando ya reli za Tobu.

Hapa pana fundo ambalo wageni wengi hulikosa. Desturi ya Kijapani ya treni za chini ya ardhi kuendelea moja kwa moja kwenye reli za kampuni binafsi za vitongojini husifiwa kwa kumwondolea abiria usumbufu wa kubadili treni, na sifa hiyo ni ya kweli. Ila faida nyingine, isiyotajwa sana, ni kwamba mapatano hayo humfungulia mwenye handaki mlango wa kufikia ardhi ya bei nafuu iliyo mbali na katikati ya mji. Gharama yake ni kukubaliana upana wa reli. Mamlaka ya Usafiri ya Jiji la Tokyo, inayoendesha njia za Toei, iliipa njia ya Asakusa milimita 1,435, na kampuni ya Keisei ilibadilisha reli zake zote mwaka 1959 ili zilingane nayo. Njia ya Mita ilipewa milimita 1,067. Njia ya Shinjuku ikapewa milimita 1,372, upana wa kampuni ya Keio. Mwendeshaji mmoja, njia tatu, vipimo vitatu: matokeo yake ni kwamba hakuna treni ya njia moja kati ya hizo inayoweza kwenda kutibiwa katika karakana ya nyingine.

Njia ya nne ya Toei, Oedo, yenye kilometa 40.7, ndiyo iliyotoa suluhisho la kuvutia kuliko yote. Mahandaki yake ni membamba na depo zake za kulaza treni, Kiba na Takamatsu, ziko chini ya ardhi. Treni zake huendeshwa kwa mota ya mstari: badala ya mota ya kuzunguka inayogeuza magurudumu, sumaku za umeme zilizo chini ya behewa husukumana na bamba la chuma lililotandazwa katikati ya reli. Mahali pasipo na bamba hilo, treni haina nguvu yoyote. Hata hivyo upana wa reli zake ni milimita 1,435, sawa na njia ya Asakusa, ambayo ina karakana pana juu ya ardhi huko Magome, kusini mwa mji. Basi kikachimbwa kiungo karibu na Shiodome, na mwaka 2006 vikaingia kazini vichwa vya treni vya umeme vya aina ya E5000, vilivyotengenezwa vidogo kiasi cha kutosha katika handaki la Oedo na vyenye mota za kawaida. Treni ya Oedo hufika kwenye kiungo kwa nguvu zake, kisha hufungwa nyuma ya vichwa hivyo na kuvutwa hadi Magome ikiwa haina uwezo wa kujisogeza hata hatua moja. Kwa wanaopenda reli, nadhani hiyo ni miongoni mwa picha nzuri kuliko zote zinazoweza kuonekana chini ya Tokyo.

Ardhi ya depo, kwa upande mwingine, haikosi watu wa kuitamani. Depo ya Shimura ya njia ya Mita iko kando ya kituo cha Nishidai, na juu yake pamejengwa bamba kubwa la zege ambalo Wajapani huliita ardhi ya kutengenezwa. Juu ya bamba hilo yamesimama majengo marefu ya nyumba za kupanga za serikali ya jiji. Mtu anayeishi humo hutoka nyumbani na kukanyaga uwanja wa kawaida, na chini ya uwanja huo treni zimelala safu kwa safu katikati ya misitu ya nguzo. Kwa jicho la mwenye reli, mpango huo una mashaka yake, kwa sababu nguzo zikishasimama ni vigumu mno kusogeza reli au kupanua karakana baadaye. Kwa jicho la mji wenye uhaba wa makazi, ardhi ileile imetumika mara mbili.

Nje ya Tokyo kanuni ni ileile, lakini mazingira hubadilisha sura yake. Nagoya ilizitoa treni zake za njia ya Tsurumai nje ya mipaka ya mji hadi depo ya Nisshin. Fukuoka iliweka depo ya njia ya uwanja wa ndege huko Meinohama, mahali handaki linapokutana na reli ya Chikuhi ya pwani. Sapporo ni kisa cha peke yake. Njia ya Namboku ya huko, iliyofunguliwa Desemba 1971 kabla ya michezo ya Olimpiki ya baridi ya 1972, hutumia magurudumu ya mpira yanayofuata reli moja ya katikati, na sehemu yake ya kusini inapita juu ya nguzo katika njia iliyoachwa na reli ya zamani ya Jozankei. Depo iko upande huohuo, karibu na kituo cha Jieitai-mae. Theluji ya Sapporo haina huruma kwa mpira wala kwa reli ya umeme, kwa hiyo sehemu yote iliyo hewani imefunikwa kwa paa refu la mviringo, na treni hupita ndani ya bomba juu ya ardhi kama lile lililopita chini yake.

Kuwa juu hakuiondolei depo hatari ya maji. Mara nyingi huiongezea. Uwanja mpana, tambarare na wa bei nafuu karibu na mji wa Japani mara nyingi ni mashamba ya zamani ya mpunga kando ya mto, na uliachwa bila majengo kwa sababu wenyeji walijua mto huo hufanya nini. Oktoba 2019, kimbunga Hagibis kilipovunja kingo za mto Chikuma huko Nagano, treni 10 za mwendokasi zenye mabehewa 120 zilizama zikiwa zimeegeshwa katika depo yao, na mwishowe zikavunjwa. Hizo hazikuwa treni za chini ya ardhi, ila funzo liliwahusu wenye mahandaki zaidi ya mtu mwingine yeyote. Mteremko unaoipandisha treni deponi ni mdomo ulio wazi, na maji yakijaa uwanjani yatashuka kwa urahisi uleule hadi vituo vilivyo katikati ya mji. Ndiyo sababu kwenye midomo kadhaa ya mahandaki ya Tokyo, katika maeneo ya chini, kumewekwa mageti mazito ya kuzuia maji. Na mafuriko makubwa yanapotabiriwa, anayesimamia njia analazimika kuamua mapema treni zipi zibaki upande upi wa geti kabla halijafungwa.